Waliorejea Irindi

Ipo nchi, wala haiko mbali, ambayo jina lake silitaji kwa sababu wenyewe hulibadilisha kila wanapopata Waziri mpya. Anayeijua ameijua. Asiyeijua amshukuru Mungu, akae vizuri, asikilize.

Katika nchi hiyo kuna mlima, na begani mwa mlima kuna mji uitwao Irindi. Mji huo ulianza kama inavyoanza miji mingi: mtu alichoka kutembea, akakuta maji, akaketi. Wajukuu wake walilima viazi na maharage, wakafuga ng'ombe wa zizini, wakajenga kanisa dogo la mawe. Ukungu ulishuka kila siku saa tisa mchana, ukaondoka kesho yake asubuhi, na hakuna aliyewahi kuudhania kuwa mali.

Kisha akaja mgeni mmoja mwenye kikohozi. Alikaa wiki tatu, kikohozi kikaisha, akaandika barua kwao kuwaeleza. Barua hiyo ndiyo balaa kubwa kuliko yote yaliyoipata Irindi, ingawa ilikuwa na maneno mazuri tu. Wakaja wenye vikohozi wengine, wakaja ndugu za wenye vikohozi, halafu wakaja watu wenye afya kamili ambao hawakutaka kupitwa. Ikajengwa Hoteli ya Pumzi Njema, yenye vyumba mia mbili. Serikali nayo ikatunga Sheria ya Hewa, ikatamka kwamba hewa yote ya mlimani ni mali ya Taifa, na wenyeji wanaruhusiwa kuivuta kwa matumizi ya nyumbani tu.

Mashamba ya viazi yaligeuzwa uwanja wa nyasi, kwa kuwa wataalamu waligundua kwamba jani la kiazi humhuzunisha mgeni. Walioezeka bati waliamriwa kulifunika kwa nyasi, maana mgeni hakusafiri mbali hivyo kuja kuona bati. Ng'ombe walistaafishwa kwa barua. Vijana wakabaki na kazi mbili za kuchagua: kubeba mizigo ya wageni, au kushuka bondeni kutafuta maisha. Mizigo ya wageni ilikuwa na magurudumu. Vijana wakashuka.

Miongoni mwao alikuwamo Kiangi, mwana pekee wa mjane aitwaye Nakunwa.

Hapa lazima nieleze mila moja ya Irindi, kwani bila hiyo hamtaelewa jinsi Serikali ilivyoiheshimu.

Barabara ya kuingia mjini hupita kati ya majabali mawili, mahali panapoitwa Mlangoni. Anayeshuka bondeni huchukua jiwe shambani kwao, akaliweka pale juu ya rundo. Akirudi, kabla hajakanyaga mji, huliondoa kwa mkono wake mwenyewe. Na kama ikija habari kwamba amekufa huko, mama yake huliondoa, akalizika makaburini. Jiwe likishazikwa, hata kama habari ilikuwa ya uongo, mwenyewe hapiti Mlangoni mpaka aliyelizika aje amwite kwa jina. Wazee walisema huwezi kumlilia mtu matanga, kisha akaingia tu kama aliyekwenda gulioni.

Jiwe la Kiangi lilikuwa jekundu, lenye mshipa mweupe kiunoni kama mkanda. Kwa miaka kumi na tisa Nakunwa alilipitia kila Jumapili baada ya ibada. Alilifuta umande kwa ncha ya kanga, akalisemesha maneno machache, akarudi zake. Jiwe likiwapo, mwana yupo. Hakuwa na ushahidi mwingine. Katika miaka hiyo alikuwa amejifunza kusoma, uzeeni, katika darasa la jioni pale kanisani, ili barua ya Kiangi ikija asisomewe na mtu mwingine. Barua haikuja. Kusoma kukabaki.

Hoteli ilipokaribia kutimiza miaka hamsini, Waziri wa Mandhari na Mapumziko, Mheshimiwa Lwitiko Mapana, aligundua kwamba Irindi haina historia. Aliunda Tume ya Historia ya wataalamu watatu. Walifikia hotelini, wakakaa miezi mitatu bila kutoka nje kwa sababu ya ukungu, wakimhoji mhudumu wa chai, ambaye naye alikuwa mtu wa kuja. Kitabu walichotoa kilikuwa na kurasa tatu. Ya kwanza ilikuwa picha ya hoteli, ya pili picha ya Waziri. Ya tatu ilisema kwamba mlima ulikuwa mtupu mpaka alipofika yule mwenye kikohozi, na kwamba pale Mlangoni pana madhabahu ya kale ya mawe ya heri, ambayo asili yake haijulikani.

Nakunwa alisoma ukurasa huo kwa kidole, neno baada ya neno, mbele ya mlango wa kanisa. Alipomaliza alikwenda hotelini, akamkuta mwenyekiti wa Tume akipasha miguu moto.

"Baba, asili yake inajulikana," alimwambia kwa upole. "Mimi nina mwanangu pale."

"Amezikwa pale?"

"Hapana. Yu hai. Ndiyo maana yuko pale."

Mwenyekiti alimtazama kwa huruma ya msomi. "Mama, kitu kikishajulikana hupungua mvuto. Tuachie tusijue. Ni kwa faida ya mji."

Kila mgeni aliyesoma kitabu aliruhusiwa kuchukua jiwe moja la heri. Walikuja wakichagua kama wanunua nyanya. Nakunwa alisimama pale siku tatu, akiwasihi kwa lugha wasiyoijua, nao walimpiga picha. Siku ya tatu mwanamke mwenye kofia ya njano aliinama, akaokota jiwe jekundu lenye mkanda mweupe, akalipima uzito mkononi, akalitia katika mkoba. Nakunwa alimshika mkono. Mwanamke yule alidhani anabarikiwa. Akafumba macho, akasema asante.

Kabla mvua za masika hazijaisha, rundo lilikuwa limekwisha.

Sasa, Mtendaji wa Kata ya Irindi alikuwa Bwana Fanueli Kibwengo, mtu mwaminifu asiyechukua hata kikombe cha chai bila kuandika. Laiti angekuwa mwizi, pengine yasingetokea haya. Bwana Kibwengo alikuwa na daftari ambamo mtangulizi wake aliorodhesha kila jiwe na mwenyewe. Aliposikia rundo limekwisha alikwenda mwenyewe Mlangoni, akapaona peupe, akarudi ofisini na kutafakari. Mila inasema jiwe huondolewa na mwenyewe anaporudi. Mawe mia nne na kumi na mawili yameondoka. Serikali inaheshimu mila. Akachukua kalamu, na mbele ya kila jina akaandika: amerejea.

Taarifa ilipanda ngazi kwa furaha. Mwezi haukuisha Waziri akaja mwenyewe na matarumbeta. Uwanja wa nyasi ulipangwa viti mia nne na kumi na viwili, kila kimoja na jina la aliyerejea. Wazazi walisimama pembeni.

"Ndugu wananchi," alisema Mheshimiwa Mapana, "wapo waliothubutu kusema kwamba mapumziko yanawafukuza vijana. Nawauliza, na wanijibu mbele ya viti hivi: vijana hawa si ndio hawa? Nimetumikia Taifa hili miaka ishirini na sita. Sijapata kuona vijana watulivu namna hii."

Vifijo vikapigwa. Bi Elieshi, jirani wa Nakunwa, mwenye wana watatu bondeni, alimsogelea sikioni.

"Wako kakaa cha ngapi?"

"Nyamaza, Elieshi."

"Wangu nawaona, mstari wa nyuma. Yule mdogo kanenepa, mashallah."

"Tutafungwa mwenzangu, ohoo."

"Kwani tukifungwa nani atajua? Wataweka kiti."

Nakunwa hakucheka. Alikuwa akitazama kiti chenye jina la mwanawe. Ukungu ulikuwa umeanza kushuka, na kiti kililowa taratibu. Akatamani kwenda kukifuta.

Taifa lililorejeshewa watu huwapa kazi. Ikaanzishwa Kikosi cha Tabasamu, ambamo kila kijana wa Irindi alipaswa kusimama kando ya barabara kila Alhamisi, kutoka Mlangoni hadi hotelini, akiwatabasamia wageni wapya. Alhamisi ya kwanza walifika vijana tisa, na wawili kati yao walikuwa na miaka sitini. Bwana Kibwengo alihesabu mara mbili. Akaandika barua za wito.

Ya Nakunwa ilimtaka afike Alhamisi iliyofuata, saa tatu asubuhi, aeleze alikomficha Kiangi.

"Karibu uketi, Mama Kiangi," alisema Mtendaji. "Kijana hajambo?"

"Kijana yupi?"

"Wako."

"Mtendaji, mwanangu aliondoka mwaka wa maporomoko. Huu ni wa kumi na tisa."

"Kuondoka aliondoka, hilo limo humu. Mimi nauliza tangu aliporudi."

"Hajarudi."

Bwana Kibwengo alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Hakuwa na hasira. "Tusigombane. Tufuate mila. Jiwe likiwekwa Mlangoni huondolewa na nani?"

"Na mwenyewe, akirudi."

"La Kiangi lipo?"

"Limechukuliwa na mwanamke wa kofia ya njano. Nimemwona kwa macho haya."

"Sijauliza macho. Nauliza, lipo?"

"Halipo."

"Basi hapa, kati yangu na wewe, ni nani anayeidharau mila ya wazee wako?"

Nakunwa alisali kimyakimya apewe neno, lakini hakupewa.

Ikabidi ajaze fomu ya Mtu Aliyerejea Asiyeonekana. Ilikuwa na maswali sitini na manne, na yeye, kwa kuwa alijua kuandika, aliandika mwenyewe, pole pole, herufi za darasa la jioni. Urefu wa aliyerejea. Kovu au alama. Akaandika: kovu la kwato, juu ya jicho la kushoto. Chakula anachopenda. Akaandika: makande, hasa ukoko. Anacheka vipi. Hapo alisimama. Miaka kumi na tisa hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza jinsi Kiangi anavyocheka. Aliandika mistari minne, akaomba karatasi nyingine. Na Mungu ni shahidi, kwa saa ile moja alikuwa karibu na furaha, akidodoswa na Serikali kuhusu mwanawe kama vile dunia nzima inamtafuta.

Alitoka ofisini saa kumi, ukungu ukiwa umekwisha kufunga.

Njiani alikutana na Yonazi, mtoto wa kaka yake, ambaye Serikali ilikuwa imempa kofia na kumfanya mlinzi wa Mlangoni. Kifuani alikuwa na nishani mpya.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Umepewa lini hiyo?"

"Leo mchana. Meneja wa hoteli kanivika mwenyewe. Nimekamata tapeli, shangazi. Kajitia kuwa Kiangi wako."

Nakunwa alimsogelea.

"Alikuja na gari la saa tatu na nusu," Yonazi aliendelea, kwa fahari kidogo na aibu kidogo. "Akashuka hapo Mlangoni, akaanza kutafuta jiwe. Nikamwuliza, ndugu, jina? Akasema Kiangi wa Nakunwa. Nikafungua nakala ya daftari la Mtendaji. Kiangi wa Nakunwa, amerejea. Sasa mtu aliyemo ndani atakuwaje nje? Nikamwambia, ndugu, umeshaingia."

"Alikuwaje?"

"Mrefu. Mvi kidogo. Ana kovu hapa." Akagusa juu ya jicho la kushoto.

"Yonazi. Wewe alikufundisha kutega ndege."

"Ndiyo, shangazi."

"Kwa hiyo ulimjua."

"Kumjua nilimjua," alisema Yonazi, akitazama viatu vyake. "Lakini kujua kwangu hakuna muhuri."

Upepo ukapita na ukungu kati yao. Nakunwa aliuliza Kiangi alikoelekea.

"Hakuleta ubishi. Alikaa pale lilipokuwa rundo, akaniuliza jiwe lake limekwenda wapi. Sikutaka kumwambia habari za wageni, ni siri ya kazi. Akasema, basi mama amelizika. Nikanyamaza. Akasema, kama amelizika sipiti mpaka aje aniite. Akangoja. Nikamwambia mama yako hayupo, yuko kwa Mtendaji, anahojiwa kwa kosa la kukuficha. Hapo akacheka, shangazi. Kile kicheko chake. Akangoja mpaka saa tisa. Gari la kushuka lilipopiga honi akanyanyuka. Alikuwa na kifurushi chako, kitenge na sukari, nimekiandika kuwa kidhibiti, kimekwenda wilayani."

"Hakusema kitu?"

"Alisema, mwambie simlaumu. Miaka mingi. Hata mimi ningezika."

Nakunwa hakungoja zaidi. Alikimbia, mwanamke wa miaka sabini na moja, akapita nyasi za hoteli ambazo ni marufuku kukanyagwa, akapita baraza ambapo wageni walikuwa wakinywa chai, mpaka Mlangoni. Barabara ilizama katika weupe. Akaweka mikono mdomoni na kuita.

"Kiangi. Kiangi wee. Sijakuzika. Njoo, mwanangu, sijakuzika."

Sauti iligonga majabali, ikashuka bondeni, ikarudi peke yake. Aliita mpaka koo likakauka. Alipogeuka alisikia mvumo mzito, akadhani ni mvua. Walikuwa wageni barazani. Walikuwa wamesimama, vikombe vimewekwa chini, wakimpigia makofi.

Meneja wa Pumzi Njema alikuwa mtu mwerevu, tena si katili. Alimfuata Nakunwa nyumbani kesho yake na keki. Alieleza kwamba wageni hawajapata kuguswa namna ile tangu hoteli ijengwe, na wanauliza itakuwa tena saa ngapi. Eneo la Mlangoni sasa ni la hoteli, na mwenyeji haruhusiwi kusimama pale bila kazi. Lakini kama mama angekubali iwe kazi, angeweza kusimama pale kila siku, saa kumi, akaita anavyotaka.

Bi Elieshi alikuwapo. "Usikubali," alisema. "Watakufanya ngoma ya kuchezesha watu wakiwa na biskuti mdomoni."

"Nikikataa, nitamwita kutoka wapi?"

Elieshi alifikiri. Akachukua kipande cha keki.

Basi ratiba ya hoteli ikabandikwa: saa kumi alasiri, chai na Wito wa Mama. Nakunwa alivishwa kaniki ya kale ambayo hakuwahi kuivaa yeye wala mama yake. Kila siku alisimama kati ya majabali, akisali kwanza, kisha akaita. Hakuigiza. Kila siku alisema maneno yaleyale: sijakuzika, njoo. Aliamini kwamba habari husafiri, kwamba dereva mmoja wa gari la kushuka atamsikia, atayabeba maneno bondeni, na siku moja katika ukungu atajibiwa.

Siku ya hamsini na tatu alijibiwa.

"Naja, mama," ilisema sauti ya mwanamume, chini kidogo barabarani. "Naja."

Nakunwa aliruka kamba ya hoteli. Alishuka akijikwaa, mikono mbele, akilitaja jina. Nyuma ya jabali la chini alimkuta Yonazi, amechuchumaa, ana karatasi mkononi.

"Ni mimi, shangazi," alisema. "Samahani. Wageni walilalamika. Wanasema wanaondoka na huzuni kwa kuwa hujibiwi. Meneja ameona bora ujibiwe."

Nakunwa aliketi kando ya barabara. Juu, barazani, makofi yalikuwa mengi kuliko siku zote, na wengine walikuwa wakilia kwa raha. Hakumkaripia Yonazi. Alikaa kitambo akipumua ile hewa ya Taifa.

"Kila siku utaitika?"

"Kila siku. Isipokuwa Jumatatu, Jumatatu ataitika mpishi."

"Basi yeye akija kweli akaitika, nitajuaje?"

Yonazi alitazama karatasi yake, kana kwamba huenda jibu limeandikwa humo. Halikuandikwa.

"Nakuomba kitu kimoja, mwanangu. Nikiita, usiitike papo hapo. Ningoje kidogo. Nisikilize kwanza."

Jambo lilipelekwa kwa Meneja, Meneja akalipeleka Wizarani, kwa kuwa lilihusu kimya, na kimya cha mlimani nacho ni mali ya Taifa. Majibu yalirudi baada ya miezi minne, yakiwa na muhuri wa Mheshimiwa Mapana. Ombi limekubaliwa kwa ubinadamu. Amepewa pumzi tatu.

Hivyo ndivyo ilivyo Irindi hata leo. Ukungu ukifunga, chai ikimiminwa, Nakunwa husimama Mlangoni, akaita jina la mwanawe. Kisha hufumba macho, akazitumia pumzi zake. Moja. Mbili. Ya tatu huishikilia sana, mpaka kifua kinamuuma, kwa maana akiiachia tu, Yonazi ataitika.